Nauli ya Barua

Chuo cha Maandalizi ya Ng'ambo,
Ujiji, Kigoma.
Jumatano.

Dada yangu mpendwa Rozalia,

Shikamoo. Na kwa kuwa najua utaisoma asubuhi kabla hujashika jembe, naongeza na ya kwetu: mwakeye. Shemeji Anatoli hajambo? Mgongo wake umekubali kunyooka, au bado anatembea kama mtu anayetafuta sindano? Muhogo wa Kidahwe umekauka vizuri mwaka huu, au mvua imewawahi tena? Nisalimie watoto wote, wakubwa kwa wadogo, isipokuwa Yunisi, ambaye nimemwona juzi, na sababu ya kumwona utaikuta mbele. Mimi ni mzima. Magoti yananiuma, ila hayo ni magunia niliyobeba ufukweni Kibirizi yananidai, nami nilikwisha yazoea. Ziwa nalo limepanda, linatembelea nyumba za watu bila kubisha hodi. Huku Ujiji bado hatujaloa.

Utajiuliza kwa nini Castory, mtu wa simu mbili, hata kama moja haina kioo, ameamua kuandika barua. Dada, kwenye simu mimi huchekesha. Wewe unasema haloo, mimi nimeshatia mzaha, tunacheka, salio linakwisha, na jambo lenyewe linabaki pale pale lilipokuwa. Nimeishi hivyo miaka ishirini na sasa nimechoka. Karatasi haicheki.

Habari kubwa ya hapa ni kwamba mdogo wako, niliyeacha shule kidato cha pili, au tuseme shule ndiyo iliyoniacha, leo ni mwandishi wa historia. Jumamosi hii chuo kinaadhimisha miaka ishirini tangu mwanafunzi wake wa kwanza kuvuka kwenda kusoma. Mwalimu Bonaventura macho yote mawili yameingia mtoto wa jicho, anawatambua watu kwa mlio wa viatu. Akaniita akasema, Castory, katika watu niliofungua nao chuo hiki, waliobaki ni wawili, wewe na paa, na paa halijui kuandika. Basi yeye anasema, mimi naandika, Catherine, karani wetu, anapiga chapa. Kitabu chenyewe ni kurasa kumi na mbili, lakini jalada ni gumu.

Mwanzo wake unaujua, ila nikusimulie nilivyouandika, maana umetoka vizuri. Mwaka elfu mbili na tatu Mwalimu alistaafu. Zamani sana alikuwa amesoma Ulaya, akarudi na shahada mbili, koti moja zito na kikohozi. Akasema watoto wa Kigoma wanapata nafasi za nje lakini wanazipoteza kwa kutojua kujaza fomu, kutojua lugha na kuogopa safari. Akakodi ghala la mawese hapa Ujiji, tukakwangua sakafu siku nne, na mpaka leo jua likiwaka ukuta unatoa harufu ya mafuta, mwanafunzi akisoma kitabu tumbo linaulizia ugali. Juu ya mlango akaandika jina: Chuo cha Maandalizi ya Ng'ambo.

Jina hilo lilimletea taabu tangu siku ya kwanza. Wewe unajua. Kwa mtu wa redio, ng'ambo ni Ulaya na Marekani. Kwa mtu wa Kibirizi, ng'ambo ni ile milima unayoiona asubuhi kukiwa hakuna ukungu, yaani Kongo, basi. Wiki ya kwanza walikuja akina mama watatu wachuuzi wa vitenge, wakakaa darasani mpaka saa sita mchana, kimya kabisa, Mwalimu akawasifu mbele ya wenzao kwa usikivu. Mwisho mmoja akanyoosha mkono akauliza boti inaondoka saa ngapi. Hilo limo kwenye kitabu, ukurasa wa pili. Catherine alicheka mpaka akakosea herufi.

Cheo changu nimekiandika Afisa Mwandamizi wa Mawasiliano na Mkufunzi wa Baridi. Catherine aliniuliza kwa upole kama ndicho kile ambacho kwenye orodha ya wafanyakazi kinaitwa tarishi. Nikamwambia yeye apige chapa tu. Lakini la baridi si uongo, dada. Nani mwingine angewafundisha? Nilikuwa nawapeleka Kibirizi kwenye ghala la barafu, nawasimamisha katikati ya samaki wale migebuka dakika kumi, wanajitambulisha kwa lugha ya kigeni meno yakigongana. Anayefika kwenye jina la baba yake bila kutetemeka amefaulu. Kulikuwa na kijana mmoja wa familia ya Kirundi, Ndayikunda, alikuwa akitoka mle paka wanamsindikiza mpaka nyumbani. Leo ni daktari wa mifupa huko huko kwenye theluji, na kila Krismasi anatutumia kadi. Anaandika: kwa Mwalimu, na kwa Castory wa samaki.

Sitini na watatu wamevuka. Waliorudi ni saba. Siwalaumu, ila nikisoma orodha hiyo nachoka, kama mtu aliyesukuma magari ya wenzake matopeni siku nzima akabaki barabarani. Na siku hizi watoto wanaomba vyuo kwa simu, wamelala chali. Tumebaki na wanafunzi kumi na mmoja. Mvua ikinyesha tunahamisha madawati, na ubao unasomeka nusu. Mwalimu bado anaingia saa mbili kamili na lile koti lake, anauliza ni nani hayupo.

Sasa nakuja penye mwiba. Jumatatu asubuhi tulifika ukurasa wa tatu, mwanafunzi wa kwanza. Mwalimu akafumba yale macho yasiyoona akasema niandike hivi, nami nayanakili maneno yake kama alivyoyatoa: Mwanafunzi wa kwanza wa chuo hiki kupata nafasi ya masomo nje alikuwa Rozalia, binti wa Simbo, aliyekuwa na akili kuliko wote niliowafundisha. Aliikataa nafasi hiyo kwa ajili ya kuolewa. Nafasi akapewa Erasto, naye ndiye aliyevuka. Akasema nisiipake asali, niiandike hivyo hivyo, wasichana wa leo wajifunze. Akaongeza kwamba anajua ni dada yangu, lakini historia ni historia.

Kalamu yangu ilikauka, dada, na wino ulikuwamo.

Najua umeshtuka. Umeweka karatasi chini, umeangalia mlangoni, kisha umeiokota tena. Wewe hukumkataa mtu. Soma kwanza.

Tukiwa hapo, viatu vikalia nje. Yunisi. Amekuja kutoka Kidahwe na fomu mkononi, amevaa sare ya shule aliyokwisha maliza. Nikatoka kuleta chai, nikarudi na sinia. Mwalimu akamwuliza maswali, mtoto akajibu vizuri kuliko hao kumi na mmoja wote, mzee akaanza kutabasamu. Akamwuliza mama yake ni nani. Akasema, Rozalia wa Simbo. Tabasamu likatoka. Mwalimu akauliza, yule aliyetukataa? Na mwanao ana mdomo wako, dada, ila ameupaka adabu. Akasema, shikamoo tena babu, samahani, mama anasema nyinyi ndio mliomkataa.

Nimewahi kusimama kwenye boti inayoingia maji. Haikuwa kama kusimama pale na sinia. Maneno mawili ambayo mimi niliyalea mbalimbali miaka ishirini, moja Ujiji, jingine Simbo na baadaye Kidahwe, yamekutana chumba kimoja, yanatazamana. Nikasema, Mwalimu, chai inapoa. Ndicho nilichokuwa nacho.

Nilimsindikiza Yunisi hadi kituoni. Akaniambia fomu ya kwanza uliichana, kwamba ulisema chuo kilichomkataa mama hakina haja ya mtoto. Hii ni ya pili, inahitaji sahihi ya mzazi, na mwisho wa kupokelewa ni Ijumaa. Akaniambia, mjomba, wewe mama anakusikiliza, wewe ndiye mtu wetu wa chuo. Nikamnunulia karanga. Aliniaga akaenda, nikabaki na lile neno, mtu wetu wa chuo.

Dada Rozalia, chuo hakikukukataa. Wala huko Ulaya hawakukukataa. Aliyekufanyia hivi ni mimi.

Unakumbuka ile barua ya kukubali nafasi. Ulitia sahihi ofisini kwa Mwalimu, ukabandika na picha mbili ndogo, ukiwa na ile blauzi ya kola ya mama. Mimi nilikucheka, nikasema nani anakwenda Ulaya kusomea maji na samaki wakati dagaa wapo Kibirizi na hawaulizi cheti. Nilikuwa na miezi michache tu kazini. Kabla ya hapo maisha yangu yote ya kazi ni kubeba mizigo pale ufukweni. Barua zote nilizokwisha peleka zilikuwa za mkononi, za mitaa ya Gungu na Mwanga. Ya stempu sikuwahi kuituma hata moja.

Siku ile Mwalimu alikuwa na homa. Akanipa bahasha na hela, akasema, Castory, hii iende ng'ambo leo leo, isilale. Akarudi kuinamisha kichwa mezani. Hakusema posta. Angesemaje posta? Kwake yeye ng'ambo na posta ni njia moja. Na mimi, dada, kwangu mimi mzigo wa ng'ambo ulikuwa na njia yake toka nikiwa na miaka kumi na tano. Nilikwenda Kibirizi mbio. Nilifurahi hata kukuta boti inapakia saruji kwenda Kalemie, Kongo, mchana ule ule, nikasema Mwalimu ana bahati. Nahodha Jeremia akaniuliza ni ya nani. Nikasoma jina la juu kwa sauti kubwa kana kwamba ni jirani yangu. Akasema huyo hamjui, ila Kalemie si kubwa, ataulizia. Nikampa zile hela, nauli ya barua. Akaitia barua yako ndani ya kopo la majani ya chai, akafunika vizuri, isilowe.

Nilirudi chuoni nikipiga mluzi. Niliwaambia watu nimetuma barua Ulaya.

Wiki tatu baadaye Mwalimu aliniomba risiti ya posta. Hapo ndipo nilipojua. Sikujua polepole, nilijua mara moja, mpaka masikio yakapata moto. Na hapa ndipo ninapotaka usome taratibu. Wiki tano zilikuwa zimebaki kufika siku ya mwisho ya kujibu. Ningesema palepale, mzee angenitukana, angecheka, wewe ungetia sahihi nyingine, ingekwenda, ingefika. Lakini nilimwona kila mtu wa Ujiji akininyooshea kidole, mchukuzi aliyetuma Ulaya kupitia Kongo. Wale akina mama wa vitenge niliwacheka mimi kuliko wote. Nikasema risiti iko nyumbani. Nikaomba ruhusa, nikapanda boti.

Ndiyo safari ile. Ile niliyowasimulia miaka yote, Castory amefika ng'ambo kabla ya Erasto, Castory ana Kifaransa chake, bonjuu na merisi, Castory amemletea mama kitenge kutoka nje. Nimeijazia mamba, nimeijazia na askari wa forodha aliyetaka kuniozesha binti yake. Dada, nilikuwa natafuta bahasha. Nilizunguka Kalemie wiki tatu nikiuliza jina nisiloweza kulitamka. Jeremia alikuwa amemwachia mtu, mtu amempa fundi cherehani, fundi amempa mzee mmoja muuza chumvi kwa sababu anajua kusoma. Mzee yule aliifungua apate kujua mwenyewe ni nani, akaona picha zako. Nilipofika kwake alikuwa ameitunza ndani ya kitambaa. Akaniuliza kwa Kiswahili chao, huyu mutoto mwanamuke iko na bwana? Alidhani ni posa inayotafuta nyumba. Nilicheka naye, maana ndiyo kazi yangu, kisha nikaenda kukaa nyuma ya vibanda vya samaki nikalia kama mtoto.

Boti ya kurudi ikaharibika injini, nikakwama wiki tatu nyingine. Nilifika Kibirizi siku tisa baada ya siku ya mwisho.

Mwalimu alikwisha kupigiwa simu kwamba jibu halikuja. Alikuwa amesimama mlangoni, akaniuliza barua ilifika wapi. Nami nikiwa na bahasha hiyo hiyo ndani ya shati, nikamwambia, Mwalimu, nisamehe, niliona aibu kukwambia. Dada alinifuata njiani akaichukua, ana mchumba, hataki tena. Yalitoka laini, kama nimeyakariri. Mzee aliingia ndani. Alikwenda kuvua koti, akalitundika, akakaa.

Kisha nikaja Simbo. Ulikuwa unamenya mihogo. Nikakwambia wamekukataa. Hukulia. Uliniuliza kama wamesema sababu, nikasema hawakusema. Ukaendelea kumenya. Lile ganda lilikuwa linatoka refu, bila kukatika, na mimi nilikuwa nalitazama nikiomba likatike, sijui kwa nini.

Yeye alikuona una dharau, wewe ulimwona ana kiburi, na nyote wawili hamna tabia ya kumfuata mtu kumwuliza. Hilo nililijua na nililitegemea. Kwenye msiba wa mama mlishikana mikono kwa ncha za vidole, mimi nikiwa katikati yenu nagawa maji.

Sisemi Anatoli si mume mwema. Ni mwema, na watoto wako ni wazuri, na sitaki useme nimekutakia maisha mengine kuliko haya. Ila haya hukuyachagua ukiwa na yale mkononi. Hicho ndicho nilichokunyang'anya, na sina pa kukitoa nikurudishie.

Leo asubuhi nilimwambia Mwalimu yote. Nilijiandaa kwa bakora. Alisikiliza mpaka mwisho, hata pale kwenye kopo la majani ya chai hakucheka. Kuhusu mimi hakuuliza lolote. Aliuliza kitu kimoja tu: alikuwa ametia sahihi? Nikasema alitia. Akauliza mara ya pili. Nikasema alitia, Mwalimu, na picha mbili alibandika. Akageuza uso ukutani. Halafu akasema ukurasa wa tatu uchanwe. Akasema hataki mimi niuandike tena wala yeye hataki kuusema. Atausema mwenyewe aliyeyaishi. Kama utakuja Jumamosi utausema mbele ya watu. Usipokuja utabaki mweupe, na kitabu kitachapwa hivyo, na anayetaka kujua ataniuliza mimi, nami nitamwambia. Catherine amekwisha ondoa kile cheo changu pia. Nilimwomba mwenyewe.

Ndani ya bahasha hii utakuta nyingine, kuukuu, ina doa la chai pembeni na harufu ya chumvi. Ndiyo hiyo. Sikuwahi kuweza kuichoma. Sahihi yako bado inasomeka, na kola ya mama inaonekana. Pamoja nayo kuna fomu ya Yunisi ambayo aliniachia mimi. Usiitie sahihi kwa ajili yangu, wala usikatae kwa ajili yangu. Nitoe kabisa kwenye hesabu hiyo. Mwalimu yupo ofisini Alhamisi na Ijumaa, na anakutambua kwa viatu, anasema wewe ulikuwa unakanyaga kama mtu anayejua anakokwenda.

Nisalimie shemeji na wote wa nyumbani. Barua hii sikumpa nahodha, wala kondakta, wala posta. Nimepanda nayo mwenyewe kutoka Ujiji, nikakukabidhi mkononi bila kusema neno, na hilo peke yake limekushangaza. Nipo nje, nimekaa kwenye gogo mnalopasulia kuni. Ukitaka kuniita, niite. Ukifunga mlango nitaelewa, basi la kurudi mjini halijapita bado.

Mdogo wako,
Castory,
Tarishi.